Darubini ya kioo ya milimita 130: kuichagua, kuinyoosha na kuitumia chini ya anga la ikweta

Kwenye boksi la darubini ya bei nafuu, kitu cha kwanza kukuvutia macho ni namba kubwa ya ukuzaji: mara 525, mara 675. Namba hiyo isikubabaishe. Anayetangaza ukuzaji wa kiasi hicho kwa darubini ndogo anauza kitu kitakachomkatisha tamaa mnunuzi usiku wa kwanza. Utakachokiona angani kinaamuliwa na mambo mawili: kipenyo cha kioo kinachokusanya mwanga, na uimara wa kitako kinachoibeba darubini. Ukuzaji ni suala la kubadili lenzi ya jicho tu, na una kikomo chake. Hesabu ya haraka ni kipenyo kwa milimita mara mbili, na usiku mwingi hewa haitakuruhusu hata kufika hapo.

Kwa anayeanza, na kwa fedha isiyozidi dola 200 hadi 300 kabla ya usafirishaji na ushuru, chaguo letu ni moja: darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mahali mwanga unapokutana) wa milimita 650, juu ya kitako kifupi cha mbao cha kuweka mezani. Inayojulikana zaidi ya aina hiyo ni Sky-Watcher Heritage 130P. Bomba lake hufupika kwa kusukumwa ndani hadi chini ya sentimita 40, na mzigo wote ni kilo sita na kitu, kwa hiyo hata anayetumiwa na ndugu kutoka Dubai au London haletewi shehena. Zipo nyingine za vipimo hivyohivyo zenye majina tofauti. Unachopaswa kuhakikisha ni kwamba maelezo yake yanataja kioo cha parabola. Kioo kifupi cha 130/650 kikiwa na umbo la tufe, mwanga wa ukingoni na wa katikati haukutani mahali pamoja, na hakuna skrubu itakayotibu hilo.

Jinsi mwanga unavyopita

Ubunifu wenyewe ni wa Isaac Newton, 1668. Mwanga unaingia kwenye mdomo wazi wa bomba, unashuka hadi chini kwenye kioo kikuu kilichobonyea kidogo katikati, unarudi juu ukijikusanya, kisha unakutana na kioo kidogo bapa kilicholala nyuzi 45. Hicho kinautupa ubavuni, kwenye fokasa, mahali unapochomeka lenzi ya jicho. Ndiyo maana unachungulia ubavuni karibu na mdomo wa juu, wala si nyuma kama kwenye darubini ya baharia. Picha huonekana juu chini. Kwa nyota na sayari haidhuru, ila darubini hii haifai kutazamia ndege au meli.

Mboni ya jicho ikipanuka kabisa gizani hufikia milimita 7 hivi kwa kijana. Kioo cha milimita 130 kinakusanya mwanga karibu mara 345 ya jicho hilo, na karibu mara tatu ya kioo cha milimita 76 kilichojaa madukani. Nebula, yaani wingu la gesi na vumbi kati ya nyota, iliyokuwa ukungu wa kudhania tu inakuwa kitu chenye umbo.

Kwa nini kitako cha Dobson, hasa huku kwetu

John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco, ndiye aliyeeneza kitako hiki miaka ya 1960: kisanduku cha mbao kinachozunguka kushoto na kulia juu ya bamba la duara, na bomba linaloinuka na kushuka ndani yake. Hakina gia wala mota. Unalisukuma bomba kwa mkono, ukiliachia linabaki palepale.

Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani humsifia mnunuzi kitako cha ikweta, kile chenye mkono wa uzito unaoning'inia ubavuni. Jina lisikudanganye: kwa mtu anayekaa karibu na ikweta ndicho kinachosumbua zaidi. Mhimili wake lazima uwe sambamba na mhimili wa dunia. London mhimili huo unainuka nyuzi 51, na Nyota ya Kaskazini ipo ya kuulenga. Nairobi, nyuzi 1.3 kusini, au Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini, mhimili unatakiwa kulala kama mtu aliyejinyoosha kitandani. Vitako vingi vya bei ndogo havikuundwa kulala hivyo, na ukivilazimisha mkono wa uzito unagonga miguu. Nyota ya Kaskazini nayo iko chini ya upeo wa macho. Fedha iliyokwenda kwenye vyuma hivyo ingekununulia kioo kipana zaidi.

Za kuepuka, na iliyo tayari kabatini

Epuka darubini ambayo bomba lake lina urefu wa nusu mita huku lebo ikisema fokasi ni milimita 1000. Hizo, nyingi zikiwa 114/1000 au 127/1000, zina lenzi iliyofichwa ndani ya fokasa ya kurefusha fokasi. Kwenye modeli za bei ya chini lenzi hiyo huwa duni, na kuvinyoosha vioo vyake, yaani kuvipanga vielekeane sawasawa, ni adhabu. Kipimo ni rahisi: kwenye darubini ya Newton ya kawaida, urefu wa bomba hukaribiana na urefu wa fokasi. Epuka pia yenye lenzi za jicho za kipenyo cha milimita 24.5, unataka tundu la inchi 1.25, yaani milimita 31.7, ili kila lenzi utakayoinunua baadaye iingie.

Kama tayari una ile ya 76/700 yenye miguu mitatu myembamba ya alumini, usiitupe. Vioo vyake mara nyingi havina neno. Fokasi ndefu inasamehe umbo la tufe. Kasoro iko miguuni: ukigusa fokasa, Mwezi unatikisika kwa sekunde kadhaa. Mpelekee fundi seremala bomba lenyewe akutengenezee kisanduku cha plywood ya milimita 18: mbao mbili za ubavu, moja ya mbele, na mabamba mawili ya kitako yaliyoshikwa katikati na bolti moja. Kati ya mabamba weka vipande vitatu vya plastiki laini ya ubao wa kukatia mboga, kila kimoja juu ya mguu wake, na sehemu ya bamba la juu inayoteleza ibandikwe formaika. Lenzi za jicho zilizoandikwa H20 au SR4 ziweke kando, ununue moja nzuri ya milimita 20 au 25.

Ukinunua iliyotumika, ichunguze mchana. Tazama kioo kikuu kwa mwanga wa kawaida wa dirishani. Tochi ukiielekeza moja kwa moja, kila chembe ya vumbi itang'aa na utakikataa kioo kizima bure. Vumbi si tatizo. Tatizo ni utando wa alumini uliobanduka na kuacha madoa unayoweza kuona upande wa pili, au ukungu wenye nyuzi kama buibui, ambao ni jambo la kawaida kwa vitu vilivyokaa kabatini Tanga, Mombasa au Unguja. Zungusha fokasa mwanzo hadi mwisho. Sukuma bomba juu na chini. Likiteremka lenyewe, kaza kifundo cha pembeni uone kama linashika.

Mahali pa kuiweka

Darubini ya mezani inataka meza, na hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Meza ya plastiki inayumba kuliko ile miguu ya alumini. Kreti ya soda iliyopinduliwa juu ya sakafu ya saruji, nawe umekaa kwenye kigoda, inafanya kazi vizuri kuliko meza ya sebuleni. Ukitaka kitu cha kudumu, mwambie fundi akuchongee stuli ya miguu mitatu, urefu wa sentimita 55 hadi 60, kilele kipana kidogo kuliko kitako cha darubini, pima kwanza. Miguu iwe mitatu, kwa sababu stuli ya miguu minne hucheza kwenye ardhi isiyo sawa.

Usiiweke juu ya paa la bati wala usichungulie kupitia dirishani. Bati na saruji vilivyooka mchana kutwa huachia joto hadi usiku, na hewa ya moto ikipanda mbele ya darubini, sayari inachemka kama lami ya saa nane mchana. Uwanja wa majani ni bora.

Kazi ya mchana: kitafutio

Juu ya bomba kuna kitafutio, kifaa cha kulengea chenye nukta nyekundu. Lazima kielekee mahali pamoja na darubini, na kukirekebisha gizani ni kujitesa. Saa kumi na moja jioni, Jua likiwa nyuma yako, chomeka lenzi ya milimita 25, tafuta ncha ya mnara wa simu ulio mbali angalau kilomita moja, uweke katikati ya picha. Sasa usiguse bomba. Tazama kwenye kitafutio na uzungushe vifundo vyake viwili, kimoja cha kushoto na kulia na kingine cha juu na chini, hadi nukta ikae kwenye ncha ileile. Badilisha uweke lenzi ya milimita 10, usahihishe tena. Kisha zima. Betri ndogo ya duara, kwa kawaida CR2032, huisha ikisahauliwa, nawe utadhani kitafutio kimekufa.

Kunyoosha vioo

Hii ndiyo kazi inayowatenga wanaoiona Zohali kama pete na wanaoiona kama doa. Darubini iliyosafiri kwa basi, boda au ndege haifiki na vioo vimenyooka. Ukiizoea inachukua dakika tano.

Tengeneza kifaa chake mwenyewe. Chukua kile kifuniko cha plastiki cha fokasa, utoboe tundu la milimita 2 katikati kabisa. Katikati itafute kwa rula, usikisie. Lilaze bomba mlalo, wala usilisimamishe, ili bisibisi ikikuponyoka isitue kwenye kioo kikuu. Elekeza mdomo wake kwenye ukuta mweupe au anga, funga kifuniko ulichotoboa kwenye fokasa, uchungulie.

Utaona duara ndani ya duara. La nje ni ukingo wa kioo kidogo. Ndani yake ni taswira ya kioo kikuu, yenye vishikizo vitatu ukingoni na kialama kama pete ndogo katikati. Ndani zaidi ni kivuli cha kioo kidogo chenyewe, na katikati ya kivuli hicho nukta nyeusi, ambayo ni tundu lako la kuchungulia.

Anza na kioo kidogo. Kina skrubu tatu ndogo kuzunguka ile ya katikati. Lengo ni kuviona vishikizo vyote vitatu vya kioo kikuu kwa usawa. Legeza moja kwa thumuni ya mzunguko, ndipo ukaze zilizobaki kwa kiasi hichohicho. Usikaze bila kulegeza, utapinda kishikizo. Ukikosa kishikizo kimoja upande fulani, kioo kidogo kimeegemea upande wa pili. Skrubu ya katikati iache isipokuwa kioo kimekaa nje ya mstari wa fokasa.

Halafu kioo kikuu, kwa nyuma. Kuna skrubu tatu za kurekebisha na tatu za kufunga. Legeza za kufunga kwanza. Wasiofanya hivyo hukaza za kurekebisha hadi ziharibike nyuzi, wakilaumu kiwanda. Mtu mmoja achungulie na mwingine azungushe, robo mzunguko kwa mara moja, hadi nukta nyeusi iingie ndani ya ile pete ya katikati. Funga skrubu za kufunga taratibu, kwa zamu, kisha chungulia tena, kwa kuwa kuzifunga hukisogeza kidogo kioo kikuu.

Uthibitisho unapatikana kwa nyota. Usiku, baada ya darubini kupoa, weka nyota ang'avu katikati ya picha kwa lenzi ya milimita 10, kisha iharibu fokasi makusudi. Itapanuka iwe andazi lenye tundu katikati. Tundu likiwa katikati kabisa, umemaliza. Likiwa pembeni, gusa skrubu moja ya kioo kikuu kidogo tu, irudishe nyota katikati, utazame tena.

Fokasa ya Heritage ni ya kuzungusha kama parafujo, na hulegalega. Itoe, uzungushie nyuzi zake mizunguko miwili ya ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba, uirudishe. Bomba linalofupika nalo liko wazi kati ya kioo na mdomo, hivyo taa ya jirani inamwagika moja kwa moja kwenye fokasa. Karatasi nyeusi ya manila iliyokunjwa kuzunguka uwazi huo na kushikwa kwa mipira miwili inatosha; nebula zinapata weusi nyuma yake papo hapo. Hakikisha haichungulii ndani ya njia ya mwanga.

Usiku wa kwanza

Toa darubini nje dakika 20 hadi 30 kabla. Pwani tofauti ya joto kati ya ndani na nje ni ndogo, ila Iringa, Njombe, Nakuru au Bukavu kioo kilichotoka chumbani kinarusha joto ndani ya bomba na kila kitu kinacheza. Macho nayo yanahitaji dakika hizohizo kuzoea giza, na simu ikiwaka mara moja unaanza upya. Tochi ipake rangi nyekundu ya kucha au uifunike kwa karatasi nyekundu ya nailoni.

Ukuzaji unaupata kwa kugawanya fokasi ya darubini kwa fokasi ya lenzi. Lenzi ya milimita 25 inakupa mara 26, na ya milimita 10 mara 65. Anza kila mara na ya 25. Kwa mara 26 unaona kipande cha anga karibu nyuzi 2, upana wa Mwezi mpevu karibu mara nne. Kwa mara 65 kinabaki chini ya nyuzi moja, na dunia inapozunguka kitu kinavuka picha nzima kwa dakika tatu hivi. Usikifukuze kila sekunde. Kiweke ukingoni upande wa mashariki, kiachie kitembee, ukitazame kikipita, ukirudishe. Kwenye hiyo ya milimita 10 ukiongeza lenzi ya Barlow ya mara 2, inayozidisha ukuzaji mara mbili, unapata 130, na kikomo cha busara kwa usiku wa kawaida ni kama 150. Lenzi ya kwanza ya kuongeza iwe ya milimita 6, itakayokupa mara 108, ukuzaji utakaoutumia zaidi kwa sayari.

Kuna kosa linalomkuta karibu kila anayeanza: anaona diski kubwa yenye doa jeusi katikati, anashangilia kwamba ameipata sayari. Hiyo ni nyota iliyo nje ya fokasi, na doa ni kivuli cha kioo kidogo. Zungusha fokasa diski ipungue hadi ncha ndogo kabisa. Hapo ndipo fokasi. Sayari ya kweli ikiwa kwenye fokasi ni ndogo kuliko unavyotarajia, lakini ukingo wake ni mkali. Picha ikiwa nyeusi tupu, angalia mfuniko wa mbele: baadhi una kitundu kidogo chenye kizibo chake, na watu hutoa kizibo wakaacha mfuniko. Mwenye miwani ya kuona mbali au karibu aivue, fokasa italipia. Mwenye miwani ya astigmatizimu aivae.

Hapa kwetu kuna jambo jingine. Sayari hupita karibu na utosi, na kitako cha Dobson kina udhaifu hapohapo: bomba likisimama wima, kulisukuma kulia au kushoto kunageuka kuzunguka palepale na kitu kinakuponyoka. Kipange kitu chako saa mbili kabla hakijafika utosini, au saa mbili baadaye. Kikiwa kwenye nyuzi 60 hivi unapata hewa safi na bomba linalotii.

Nini kipo, na lini

Mwezi ni wa kwanza, na usiku bora si wa mwezi mpevu. Mwezi mpevu umepigwa na Jua usoni, hauna vivuli, ni kama ukuta uliopakwa chokaa. Utazame siku ya saba ya mwandamo au jirani yake, macho yakiwa kwenye mstari unaotenganisha nuru na giza. Hapo kila kreta ina kivuli chake, na vilele vya milima vinawaka vikiwa peke yake ndani ya giza, kwa kuwa Jua limevifikia kabla ya bonde.

Mshtarii huonyesha mistari miwili ya mawingu kwa mara 65, na miezi minne ile Galileo aliyoiona Januari 1610. Ichore kwenye daftari saa mbili usiku, uichore tena saa tano: imesogea. Zohali inatenganisha pete yake kwa mara 65, na mwezi wake Titani unaonekana kama nyota pembeni. Machi 2025 pete hizo zilitugeukia ubavu zikawa mstari tu. Zinaendelea kufunguka kila mwaka kuelekea 2032, kwa hiyo aliyeiona nyembamba akate shauri kuirudia. Zuhura haina cha ziada ila umbo lake, mara nusu, mara mwezi mwandamo. Programu ya Stellarium, ukiiwekea mji wako, itakuonyesha sayari ipi iko wapi usiku wa leo.

Kuanzia Novemba hadi Februari jioni, Kilimia kiko juu. Wakulima walikifuata kwa sababu nzuri: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa macho matupu unahesabu nyota sita au saba; kwa lenzi ya milimita 25 kundi zima linakaa ndani ya picha moja, kwa taabu kidogo, na nyota zake zinafika makumi kadhaa, nyeupe zenye ubuluu. Ukiongeza ukuzaji unalipasua kundi, uzuri unapotea. Miezi hiyohiyo, kwenye upanga wa Orioni, kuna nebula yake: wingu la kijivu lenye mbawa, na katikati nyota nne zilizobanana ambazo mara 65 inazitenganisha.

Machi hadi Juni ni zamu ya kusini, na hapa tumebarikiwa kuliko London, ambako vitu hivi havichomozi kamwe. Nebula ya Karina iko magharibi kidogo ya Msalaba wa Kusini, pana kuliko ya Orioni, yenye mifereji myeusi inayoikata. Alfa Sentauri, nyota ya nje kati ya zile mbili zinazouelekeza Msalaba, inagawanyika kwa mara 65 kuwa nyota mbili za njano. Omega Sentauri ni kundi la mamilioni ya nyota: kwa mara 26 ni mpira wa ukungu, kwa mara 65 mpira unaanza kuwa chembechembe, na kwa mara 108, ukiuangalia kwa pembe ya jicho badala ya kuukazia macho, chembe zinaenea hadi katikati. Mbinu hiyo ya kutazama pembeni itumie kwa kila kitu hafifu. Pembe za jicho zina uwezo mkubwa wa giza kuliko katikati.

Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, mawingu yanapungua sehemu nyingi na Njia ya Maziwa inapita utosini. Fuata mkia wa Nge: karibu na mwiba wake liko kundi la nyota la M7, na juu yake kidogo nebula ya M8. Vitu hivi vinataka giza. Katikati ya Dar au Nairobi baki na Mwezi, sayari na nyota pacha, ambazo taa za mji hazizidhuru. Kwa nebula toka nje ya mji kilomita 50 au zaidi, usiku usio na mwezi.

Jua

Usielekeze darubini kwenye Jua, wala karibu nalo, wala usimwache mtoto nayo mchana bila mfuniko. Mwanga uliokusanywa mara 345 unachoma retina kabla hujahisi maumivu. Kichujio kidogo cheusi cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, kinachokuja na baadhi ya darubini za zamani, kivunje ukitupe: hupasuka kwa joto jicho likiwa palepale. Salama ni kichujio maalumu cha Jua kinachofunika mdomo wote wa mbele, kilichofungwa kwa tepu upepo usiking'oe, na kitafutio kikiwa kimetolewa. Hili litakuwa na maana sana tarehe 2 Agosti 2027, Jua litakapopatwa lote Jeddah, Makkah na sehemu za Yemeni na Somalia, na kwa sehemu tu Kenya na Omani. Agizeni vichujio mapema.

Unyevu, chumvi na kusafisha

Pwani adui ni unyevu. Ukimaliza usiku, usifunge mfuniko darubini ikiwa na umande. Iingize ndani, ilaze mdomo ukielekea chini kidogo, iache wazi saa moja ikauke, ndipo ufunike na kuiweka kwenye mfuko na pakiti kadhaa za silika. Kitako ni cha mbao za unga uliogandishwa. Maji yakiingia kwenye kingo zake zinavimba na bolti haishiki tena. Paka kingo zote vanishi mara mbili kabla ya matumizi ya kwanza.

Kioo kikuu usikisafishe kwa sababu ya vumbi. Kila kuosha ni hatari kuliko vumbi lenyewe, na mara moja kwa miaka miwili inatosha, labda chini ya hapo bara. Kwenye chumvi na ukungu, fanya mapema kidogo, na fanya hivi: vua pete na saa. Chora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye kishikio na kwenye bomba ili kirudi pembe ileile, ufungue skrubu za pembeni, utoe kishikio. Kiweke kioo chini ya bomba la maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili, mchanga utoke bila kuguswa. Kisha kiloweke dakika tano hadi kumi kwenye beseni lenye matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo. Pamba safi, ikiwa imelowa, ivute juu ya kioo kwa uzito wake yenyewe, mstari mmoja, kisha itupe. Chukua nyingine kwa mstari unaofuata. Usisugue kwa duara. Suuza kwa maji ya bomba, na mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwenye betri ya gari; soma lebo kwa makini, kwa sababu dukani hukaa rafu moja na asidi ya betri. Kisimamishe kwenye ukingo wake juu ya taulo, mbali na vumbi, maji yateremke yenyewe. Matone mawili matatu yakigoma, yanyonye kwa kona ya karatasi laini bila kugusa uso wa kioo. Kikikauka, kirudishe kwa kufuata alama, uvinyooshe vioo upya kabla ya kutoka nje.